Mama Yangu, Upande wa Kulia

Kuna picha moja ya vilima vyetu ambayo imezunguka dunia. Utaikuta kwenye telefone ya kila mgeni anayesema anataka kuja Masisi: nyasi za kijani kama zimefuliwa jana, ng'ombe wametawanyika mteremkoni, jua la pembeni, wingu moja jeupe, na chini yake maneno kwamba hapa ndipo Uswisi ya Afrika. Nilikuwapo siku ilipopigwa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu siku iliyotangulia. Jua likachungulia, mgeni mmoja akakimbia nje na kamera yake, akapiga, na kabla viazi vyangu havijaiva jikoni ukungu ulikuwa umerudi na kufunika kila kitu.

Wakati huo nilikuwa mpishi katika nyumba ya wageni juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka shamba la mama yangu. Kwa kuwa nilimaliza sekondari na Kifaransa changu kilikuwa kizuri, nilikuwa pia mdomo wa nyumba ile. Mwenye nyumba, mjane mmoja mkali aliyeachiwa nyumba hiyo na mumewe pamoja na ng'ombe wachache wa maziwa, alinifundisha neno moja la kupokea wageni. Neno hilo lilikuwa pole. Pole kwa barabara. Pole kwa matope. Pole, umeme umekwisha. Pole, leo ukungu ni mwingi, labda kesho mtaona. Niliomba radhi kwa mvua kama vile mimi ndiye niliyeinyesha.

Wageni wetu walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza walitaka ile picha. Walishuka garini wakiwa wametikiswa tangu mji wa Sake kule chini, wakatazama huku na huku, na uso ukaanguka. Wa pili walitaka vita. Hao hawakusema wazi, lakini walikuwa wakiuliza maswali yao wakati wa kula, kwa sauti ya chini. Mmoja aliweka kijiko mezani akaniuliza kama ule mlio wa nje ulikuwa wa risasi. Nikamwambia ni Papa wa jirani, yule mzee, anapasua kuni. Nikaona amesikitika. Na mimi, kwa mazoea, nikamwambia pole.

Siku moja akaja mzungu mmoja peke yake, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kusema asante kwa kila sahani. Jioni ya kwanza alinieleza kazi yake. Alikuwa anakwenda mahali panaposifiwa duniani. Anachukua ile picha ambayo watu wote wanaijua, anaiweka upande wa kushoto. Kisha anapiga yake, ya kile alichokikuta kwa macho, anaiweka upande wa kulia. Juu yake anaandika: matarajio na ukweli. Basi. Maelfu ya watu walikuwa wanamfuata kwenye telefone zao kwa ajili hiyo.

Alinionyesha baadhi. Pwani moja nyeupe yenye mti mmoja wa mnazi. Upande wa kulia, pwani ileile imejaa watu hadi mchanga hauonekani. Kanisa la kale linalong'aa. Upande wa kulia, kanisa hilohilo limefunikwa na mbao za mafundi, na mstari wa watu wenye hasira mlangoni. Nilicheka sana. Niliona ana haki.

"Watu wanadanganywa," aliniambia kwa Kifaransa chake cha taratibu. "Mimi ninawaambia ukweli kabla hawajafunga mizigo."

Nikamwambia ni kazi nzuri. Nikamkatia kipande kingine cha fromaji, ile jibini tunayotengeneza sisi wenyewe huko juu.

Kesho yake mlima ulibomoka na kufunga barabara chini yetu, kwa hiyo hakuweza kushuka. Alivaa koti lake la mvua akaniomba nimtembeze. Tulipita kwenye shamba la mama yangu, maana njia inapita hapo. Mama alikuwa anapanda maharagi kwenye mteremko, amevaa bote za mpira, koti la kiume lililokuwa la baba, kikwembe amekipandisha hadi magotini, ameinama. Nyuma yake, barabarani, kamiyo moja ilikuwa imezama kwenye matope hadi ekseli, na watu wake wamekaa juu ya mizigo wakingoja.

Mama alimsalimia. "Jambo, Papa. Karibu kwetu." Alipoona kamera, aliweka jembe wima, akajipangusa uso kwa mkono wa koti, akanyoosha mgongo na kusimama vizuri, vile mtu anavyosimama kwa foto ya karamu. Akangoja. Lakini mgeni alikuwa amekwisha kupiga. Alikuwa anashusha kamera na kuifunika isilowe. Mama akabaki amesimama hivyo kidogo, kisha akainama tena kwenye maharagi yake. Niliona jambo hilo, na sikulifanyia kitu.

Siku mbili baadaye, nikiwa juu ya lile jiwe la nyuma ya jikoni ambalo peke yake lilishika rezo, yaani mtandao, telefone yangu ililia. Binamu yangu wa Goma alikuwa amenitumia picha na swali: huyu si mama yako?

Upande wa kushoto, kilima chetu kwenye jua. Upande wa kulia, mama yangu ameinama, bote zake, koti la baba, matope, kamiyo. Juu: Uswisi ya Afrika, matarajio na ukweli. Chini yake, watu wa nchi nisizozijua walikuwa wameweka vile vichwa vidogo vya manjano vinavyolia kwa kicheko. Mmoja aliandika kwamba asante, sasa ameokoa nauli yake.

Nilishuka jiweni nikaenda kumtafuta mgeni. Alikuwa barazani na kahawa.

"Yule ni mama yangu," nilimwambia.

Hakunielewa kwanza. Nikamwonyesha telefone. Akawa mwekundu. Akasema hakujua, kwamba sikupaswa kumwacha hivyo bila kumwambia, kwamba angechagua picha nyingine kama angejua. Kisha akasema jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Lakini sikuongeza kitu. Kila kilichomo kwenye picha kipo."

Nilitafuta Kifaransa cha kumjibu, na sikukipata. Kwa Kihunde, lugha yetu ya nyumbani, ningemjibu vizuri zaidi. Nilimwacha na kahawa yake nikashuka kwa mama.

Sikutaka kumwonyesha. Lakini jirani mwenye mtoto Goma alikuwa amekwisha kufika kabla yangu, na mama alikuwa ameketi mlangoni ameishika telefone ya watu kwa mikono miwili, mbali na uso, kwa sababu ya macho yake.

"Mutoto wangu," aliniambia, "hapa juu wameandika nini?"

Nikamtafsiria.

"Kwa hiyo mimi njo ile mubaya."

"Mama, si hivyo."

"Njo hivyo. Huku iko kizuri, huku iko mimi." Aliitazama tena. "Na hii ya kushoto, iko kilima gani?"

Nikamwambia ni kile cha ng'ambo, juu ya kijito.

"Haina muntu."

"Ndiyo, haina."

"Haina nyumba, haina shamba, haina moshi. Ng'ombe tu." Akanirudishia telefone ya jirani kama mtu anayerudisha sahani chafu. "Vilima vya hivyo mimi nilishaviona. Ule mwaka tulikimbia wote, niligeuka nyuma kule kwenye njia, na kilima chetu kilikuwa hivyo hivyo. Kizuri sana. Hakuna hata muntu mumoja. Nililia. Na huyu anaiweka upande wa furaha?"

Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Miaka yote nilikuwa nimeitazama ile picha na kuona kile walichokiona wageni.

"Mwambie aje asubuhi," mama alisema. "Mwambie mwenye shamba anamuita."

Alikuja. Siwezi kumnyima hilo. Alikuja na viatu vyake vizuri vya kupandia milima, na zawadi, sabuni na kilo ya sukari kutoka duka la chini. Mama alipokea zawadi, akashukuru, akaiweka ndani. Kisha akampa jembe.

"Mwambie aanze pale juu, ashuke nayo."

Shamba la mama yangu limesimama kama ukuta. Sisi tunalima tukiwa tumeelekea mlima, mguu mmoja juu, mwingine chini, na mgongo unajua wenyewe mahali pa kukaa. Mgeni alipiga majembe matatu. La nne lilimtoka, na yeye akalifuata. Aliteleza kwa makalio kutoka juu hadi mfereji wa chini, na mistari miwili ya maharagi ikaenda naye.

Mama hakucheka. Mimi nilitaka kucheka, nikamtazama, nikanyamaza.

"Mupige foto," aliniambia.

Nikampiga. Alikuwa amekaa mferejini, matope hadi kifuani, mkono mmoja juu, mdomo wazi.

"Sasa mwambie anionyeshe ile foto yake mwenyewe. Ile watu wanamujua nayo."

Alijifuta vidole akaitoa. Ilikuwa picha yake juu ya mlima wa theluji, mikono imefunguliwa, miwani myeusi, meno yote nje. Mama alichukua telefone mbili, ya mgeni na yangu, akazipanga juu ya jiwe, ya theluji kushoto na ya mferejini kulia. Akatuita tuje tuone.

"Huyu njo yeye?"

"Ndiyo."

"Na huyu?"

"Ndiyo, Mama. Wote ni yeye."

"Muulize, nikienda kijijini kwao niseme kwamba huyu wa mferejini njo ukweli wake, na ule mwingine ni uongo, atafurahi?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Safari hii Kifaransa kilikuja chenyewe. Mgeni alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alitazama tena zile telefone mbili.

"Mwambie nimeelewa," alisema.

"Anasema ameelewa."

"Sikumuita aelewe," mama alisema. "Nilimuita aiondoe. Na arudishie maharagi pale alipotoa."

Aliiondoa siku hiyohiyo, amesimama juu ya jiwe letu la rezo. Alinieleza kwa uaminifu kwamba haitasaidia sana, kwa sababu watu wengine wamekwisha kuichukua na kuisambaza, na hilo hawezi kulirudisha. Nikamwambia mama. Akasema najua, hata maji yakimwagika tunapangusa tu. Mistari miwili ya maharagi alimsimamia hadi ikaisha, punje kwa punje, na alipokosea nafasi alimwambia atoe aanze upya.

Mwenye nyumba alisikia habari hiyo kabla sijarudi kupika. Alikuwa ananingoja jikoni.

"Unamtupa mgeni wangu kwenye mufereji?"

"Alijitupa mwenyewe, Mama."

"Na umemuomba pole?"

"Hapana. Na sitaomba tena."

Nilikuwa sijui kwamba nitasema hivyo. Lakini nilipolisema niliona limekuwa ndani kwa muda mrefu. Nikamwambia mvua ni ya Mungu, na barabara ni ya serikali, na matope ndiyo yanayotulisha sote, hata hao ng'ombe wake wa kwenye picha. Nikamwambia mgeni akifika nitampa maji ya moto ya kunawa na chakula kizuri, lakini sitamwomba msamaha kwa kuwa ametukuta sisi.

"Wakiondoka je?"

"Barabara njo ile."

Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama wachuuzi wa maziwa. Nilijua angeweza kunifukuza. Lakini chungu cha maharagi kilikuwa motoni, na mle ndani hakuna mwingine aliyejua kukisimamia wala kuzungumza na wageni. Akatoka, na sikumsikia tena akilitaja jambo hilo. Nitaongeza tu kwamba wageni hawakupungua. Wengine, nilipowaambia mlangoni kabisa kwamba hapa kuna mvua, kuna matope, na ile picha ni ya nusu saa moja tu, waliketi wakavua viatu kama watu waliotuliwa mzigo.

Barabara ilipofunguliwa, yule mgeni aliniomba jambo ambalo sikulitazamia. Alitaka kwenda Walikale kuona msitu, na alitaka niende naye kama mkalimani. Alisema anataka mtu atakayemkatalia. Mwenye nyumba alikubali kwa kuwa ulikuwa msimu wa watu wachache. Mama alisema nenda, lakini beba chakula chako.

Hapa lazima niseme jambo lisilonipendeza. Nilikuwa sijawahi kufika Walikale. Ni territoire jirani, kama wilaya, watu wake tunakutana nao sokoni, na bado nilichokijua ni kile tulichoambiwa tukiwa watoto kando ya moto: kwamba watu wa msituni wanakula kila kinachotembea, kwamba wengine wanajua kugeuka chui. Nilikuwa Mkristo, nimesoma, na nilikuwa nimetoka kumfundisha mzungu adabu. Hata hivyo nilijaza mfuko wangu viazi vilivyochemshwa, maharagi makavu, na fromaji nzima.

Tulishuka Sake, tukapita Bweremana, tukala sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga kando ya ziwa, kisha tukazunguka kwa upande wa Kivu ya Kusini mpaka tukashika barabara ile ya Bukavu kwenda Kisangani. Mgeni alikuwa amesoma kwamba Hombo ndilo lango la msitu mkubwa. Njiani alinieleza anavyoliona kichwani: miti mirefu kama ukuta, kimya, daraja dogo, ukungu. Mimi nililiona vilevile kichwani mwangu, ila kwangu kulikuwa na macho nyuma ya miti.

Hombo ni soko. Tulikuta kamiyo zimepangana, madumu ya mawese, mifuko ya mchele, vikwembe vimetundikwa, redio tatu zinaimba kwa pamoja, na Mama mmoja mwenye mwavuli anagombana na dereva aliyemkanyagia ndizi. Mgeni alisimama katikati na kamera yake shingoni. Nikamwona anatafuta pa kuielekeza.

"Kushoto ao kulia?" nilimuuliza.

Akacheka kwa aibu, akaifunika.

Tulichukua pikipiki mbili, na baada ya pikipiki tukatembea. Kijiji tulichofikia kilikuwa na kanisa la mabati, shule, mashamba ya mpunga na mihogo, na msitu ulikuwa umesogea nyuma yake, mbali kuliko nilivyoogopa. Mwenyeji wetu alikuwa mwindaji wa makamo, shemasi wa kanisa lile, mtu wa maneno machache. Mke wake alikuwa na sauti ya kucheka hata anapokemea. Walitupokea vizuri. Nilipokuwa nafungua mfuko nitoe kitambaa, fromaji ilianguka, na viazi vikaifuata.

Mke wa mwindaji aliviokota, akaviangalia, akaniangalia.

"Dada, ulibeba chakula kuja kula kwangu?"

Niliuvuta mfuko nikaufunga.

"Uliogopa nitakupa nini?"

Aliuliza bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikamwambia kweli. Nikamwambia tulivyoambiwa utotoni, yote, hata habari ya chui. Mwindaji, aliyekuwa ananoa panga lake mlangoni, hakuinua kichwa.

"Sisi tuliambiwa watu wa Masisi wanalala na ng'ombe ndani ya nyumba," alisema.

"Wengine wanalala nao," nilisema.

Mke wake alicheka mpaka akakaa chini. Usiku ulipoingia tulikula samaki wa mto aliyefungwa kwenye majani, na wali wao mpya, na sombe, majani ya mihogo, yenye mawese. Nilikula kama mtu anayelipa kosa, kisha nikala kwa kuwa nilipenda. Fromaji yangu waliionja. Mwindaji aliitema nyuma ya nyumba, akarudi kusema asante.

Asubuhi, mgeni alisema kile kilichomleta kweli. Alikuwa amesoma kwamba huku bado kuna desturi za kale, za vijana kuingizwa katika utu uzima msituni. Aliomba aonyeshwe mahali pake. Hata bila watu, mahali tu. Nikatafsiri.

"Ile ya mababu iko," mwindaji alisema. "Nilipita mule mimi, watoto wangu wamepita mule. Jumapili niko kanisani, na hiyo nayo iko. Lakini haiko ya foto."

Nikatafsiri. Mgeni akasema hatapiga picha, ataangalia tu.

"Haiko ya kuangalia."

Mgeni akaanza tena. Akasema ametoka mbali sana. Akasema watu wanasema mambo mabaya juu ya desturi hizi, na yeye angeweza kuwaonyesha ukweli. Akasema mwambie kwamba ninaheshimu. Alikuwa anasema haraka, na mikono yake imeanza kuonekana kama ile ya picha ya theluji. Mwindaji aliniangalia, akingoja.

Sikufungua mdomo.

"Tafsiri, tafadhali," mgeni alisema.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Amekwisha kujibu mara mbili. Mara ya tatu siyo swali tena. Mimi sitabeba hilo kwenye mdomo wangu nimpelekee mtu nyumbani kwake."

"Nimekuchukua kwa kazi ya kutafsiri."

"Basi tafuta mwingine. Hapa kijijini mwalimu anajua Kifaransa. Uone kama atakubali."

Tulitazamana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake mahali pamemfungia mlango bila kumwambia pole. Nilimwona anakasirika, na hasira ilikuwa na haki yake, maana kweli alikuwa ametoka mbali. Alikwenda akakaa kwenye gogo mbele ya kanisa kwa muda mrefu. Watoto wa shule walimzunguka, wakachoka, wakaenda darasani.

"Anasema nini?" mwindaji aliniuliza.

"Anasema asante," nilimwambia. Ndilo neno pekee nililotafsiri vibaya katika safari nzima, na sijaungama.

Mgeni aliporudi, aliomba kama anaweza kusaidia kuvuna mpunga. Walimpa kisu kidogo cha kukatia masuke. Alivuna siku mbili. Hakuwa mzuri, lakini hakuanguka, kwa kuwa huko ni tambarare. Aliporudi kwao aliandika juu ya safari ile. Binamu yangu alinitumia. Hakukuwa na kushoto wala kulia. Kulikuwa na picha moja ya soko la Hombo, iliyopigwa tukirudi, yule Mama wa mwavuli katikati, amesimama vizuri, anamtazama yule anayempiga. Maneno yalikuwa machache: kwamba kuna mahali alikatazwa kupaona, na kwamba hajui pakoje, na hatauliza. Nilisoma maoni ya chini. Watu walikuwa wanalalamika kwamba amekuwa mvivu.

Sikumwona tena. Miaka kadhaa baadaye vita vilirudi upande wetu na barabara ikafungwa. Nyumba ya wageni imefungwa, ng'ombe wa yule mjane wameliwa na watu tusiowajua, na watu wanaoandika juu ya Masisi sasa ni wale wa aina ya pili tu. Wanaandika kana kwamba hatujawahi kupanda kitu hapa. Mama yangu alikataa kuondoka mara mbili. Mara ya tatu nilimbeba kwa nguvu ya maneno: nilimwambia mke wa yule mwindaji anamwoza binti yake, na ametualika, na kukataa karamu ni dhambi. Ilikuwa kweli, alikuwa ametualika. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukitumiana uyoga mkavu na maharagi kwa watu wa kamiyo.

Mama alifika Walikale kwa njia za miguu, amechoka, bote zake mkononi ili zisichakae. Wenyeji walimkalisha kwenye kiti kizuri. Walipompeleka kuonyeshwa bustani yao iliyo ndani ya msitu, chini ya miti mikubwa, alisimama njiani. Maisha yake yote amekaa mahali ambapo ukiinua macho unaona mvua ikija kutoka vilima vitatu mbali.

"Mbingu iko wapi?" aliuliza.

"Iko juu ya miti, Mama," mke wa mwindaji alimjibu. "Ukiitaka, panda."

Mama alimtazama yule mwanamke kuanzia miguuni hadi kwenye kitambaa cha kichwa, polepole, kama anavyotazama mbegu kabla ya kuinunua. Kisha akaketi juu ya mzizi, akavaa bote zake, akauliza hapa mnapanda nini.